Mayai ya Madaha

"Shika mkia, fundi! Ukinichapa tena usoni nitajua ni makusudi," alisema daktari wa mifugo, mkono wake umezama ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko.

"Huu mkia una akili zake," alijibu binti wa mwenye nyumba, fundi cherehani. "Mimi nimezoea kushika mkasi."

Baba mtu hakucheka. Alisimama mlangoni mwa zizi, mikono nyuma, kakunja uso.

"Hii ni mara ya tano unampima, daktari. Kama leo tena hakuna kitu, kesho namwita mchinjaji. Mimi sifugi pambo."

Tabasamu la binti likafutika. Ng'ombe huyo, Madaha, alikuwa wake. Alimlea kwa chupa tangu akiwa ndama yatima. "Baba, usiseme hivyo mbele yake."

Daktari alikodolea macho kioo cha kipimo cha ultrasound kilichoning'inia shingoni mwake. "Kile kifuko cha yai nilichokiona juzi, kikubwa kama zabibu, kimesinyaa. Yai limekufa tena."

"Linauawa na nini?"

"Linakosa walezi. Seli zinazolizunguka zinajizima zenyewe, moja baada ya nyingine, kama nyumba inayozimwa taa chumba kwa chumba. Mwili ukiona chakula hakitoshi, unakataa kubeba mimba. Dawa ya minyoo alishapata. Huyu ana njaa."

"Njaa?" Mzee aliruka. "Namlisha kwa mikono hii! Simruhusu mtu mwingine hata kugusa hori."

"Na pumba naleta mimi, gunia zima kila wiki," binti alisema. "Zinakwenda wapi?"

"Tumboni. Ng'ombe wako mlafi," mzee alimjibu.

Mama alichungulia kutoka dirisha la jikoni. "Baba nanihii, si umwite yule daktari wa hapa jirani? Huyu kijana wa watu anatoka mbali bure."

"Yule babu? Yule hawezi kutofautisha mbuzi na kiti!"

Mama akarudi kwenye sufuria zake.

Daktari alivua glavu. "Mzee wangu, usimchinje. Nipe nafasi. Nitapita kila jioni nimlishe mwenyewe, mpaka yai likomae."

"Kila jioni? Utatuchosha!"

"Baba, tafadhali," binti aliomba, mkia bado mkononi. "Na mimi nitafunga duka mapema, nimsaidie."

Mzee alikuna ndevu, akaguna, akatazama juu kama mtu aliyebebeshwa mzigo asiouomba.

"Haya. Lakini nyote wawili. Sitaki kusikia visingizio."

Binti akamsindikiza daktari hadi langoni. Wakaagana, wakasimama. Wakaagana tena. Binti alikuwa anaigiza jinsi mkia ulivyomchapa, na kicheko cha daktari kilifika mpaka zizini.

Mzee aliwatazama kwa muda. Kisha akazunguka nyuma ya banda la kuku, akafunua turubai, na kutoka kwenye rundo la magunia ya pumba akaburuta moja, akalimimina lote horini.

"Nisamehe, bibi," alimnong'oneza Madaha, akimpapasa mbavu. "Kula ushibe. Kazi yako imekwisha."