Karatasi ya Dawa

Daktari wa macho aligeuza kompyuta ili msusi aione picha ya ndani ya jicho lake la kushoto. Madoa ya damu yalikuwa yametapakaa kila upande.

"Hii ni retina yako, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Presha imeharibu mishipa yake, inavuja, na ndani pamevimba. Presha ikipanda, uvimbe nao unazidi kuila retina. Jicho hili tumechelewa, mama. La kulia bado tunaweza kulipigania. Dawa za presha uliacha lini?"

"Mwaka jana."

"Nani alikushauri?"

Msusi alimtazama mumewe. Mumewe, aliyekaa kando yake, ndiye aliyezimwaga zile dawa chooni, akisema ukishazizoea hutaziacha mpaka kaburini. Wateja walipolalamika kwamba njia za nywele zinakwenda upogo, mume huyo alicheka, akasema uzee umebisha hodi.

"Alikuwa anasahau, daktari," mumewe alijibu kwa upole. "Si unawajua kina mama na shughuli zao."

Daktari aliandika dawa upya. Mume akawahi kuipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Msusi alinyoosha mkono. "Nipe karatasi yangu, baba watoto."

"Nitakutunzia. Wewe huoni vizuri."

Vidole vya msusi, vilivyozoea kuutafuta unywele mmoja katikati ya maelfu, viliingia mfukoni mwa mumewe bila kubabaika, vikaitoa. Kisha akamgeukia daktari.

"Sikusahau," alisema.