Maua Hayangoji

Mama Agathe alipanda toleka ya Feruzi, teksi ya baiskeli, bila kuuliza bei. Aliketi upandeupande nyuma ya baiskeli, akauweka mzigo wake mapajani na kusema neno moja tu.

"Twende."

Feruzi aligeuka kumtazama. Alimfahamu, nusu ya mtaa wa Mangobo ilinunua kwake majani ya dawa ya kikohozi na ya homa. Leo jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na vidole vyake vilikuwa vimejaa kama ndizi. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa chandarua, na juu ya chandarua kitenge kilicholowa maji. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Ni nani amekupiga hivi, mama?"

"Kanyaga, papa. Majirani walishanunua petroli ya kuchoma. Wanasema nimeingiza kindoki, uchawi, mu nyumba."

Feruzi aliwahi kuona mtoto aliyeitwa mchawi akiburutwa na mtaa mzima. Siku ile alisimama tu na baiskeli yake, akatazama. Leo hakuuliza tena. Alikanyaga.

Joto la mzigo lilipenya shati lake. Mgongoni alihisi pia mtetemo mdogo usiokoma, kama kifua cha mtoto anayekoroma kwa homa ya mapafu.

"Iko moto sana, mama."

"Najua." Alinyunyizia kitenge maji ya chupa. "Jua likizidi hivi, nitafikisha maiti tu."

"Ameshakula?"

"Asali. Tangu asubuhi, asali tu."

Waliingia Makiso, katikati ya mji, kati ya pikipiki na honi. Feruzi alianza kupinda kuelekea lango la hospitali. Mama Agathe akamshika shati.

"Nyoosha."

"Mama, hospitali iko hapa!"

"Kile ninachotaka hakiko hapo. Nipeleke Wagenia, kwa maporomoko, mu bustani yangu ya dawa. Imechanua yote. Maua hayangoji, papa. Mwaka jana yalianguka bure."

"Kwa nini bure?"

"Nilikuwa na wengine. Walikufa wote." Aliukumbatia mzigo. "Nimebaki na hii tu."

Feruzi alikanyaga kwa nguvu zaidi. Hapo hapo mnyororo ukachomoka.

Wenzake wa toleka, waliokuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, wakaanza kelele.

"Eh, Feruzi! Asubuhi ulikuwa kapera, sasa uko na bibi na mutoto?"

"Na baiskeli imeshaomba talaka!"

Feruzi aliinama. Alirudisha mnyororo kwa vidole vyeusi vya grisi, huku Mama Agathe akiukinga mzigo na jua kwa mwili wake mwenyewe. Mwanamke mmoja alikuwa akiuza maandazi kando ya barabara. Feruzi akanunua moja la moto, akalitia mfukoni.

"La nini?" aliuliza Mama Agathe.

"La petit, la mtoto. Homa ikishuka, njaa itamuuma."

Mama Agathe alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki. Akanyunyizia kitenge maji tena.

Feruzi akanyoosha mkono, ashike pembe ya kitenge, amwone mtoto uso. Mama Agathe akampiga kofi mkononi.

"Usifunue!"

"Pardon, mama. Ni surua?"

"Twende. Nakuomba, twende."

Alikanyaga mpaka mapaja yakawaka. Wakaiacha barabara ya lami, wakashika njia ya vumbi kuelekea kwenye ngurumo ya maporomoko. Alipoona mama hambembelezi mtoto, akaanza kumbembeleza yeye mwenyewe, bila kugeuka. "Tulia, petit. Tonton, mjomba wako, anakufikisha. Tulia."

Karibu na mto, ule mtetemo mgongoni ukafifia. Ukafifia tena. Kisha ukawa kama haupo.

"Mama! Iko hai?"

Mama Agathe aliinamisha sikio kwenye kitenge.

"Kidogo," alisema. "Kidogo tu. Kanyaga, papa."

Bustani ilikuwa kwenye mteremko juu ya mto. Moringa ilikuwa imejaa maua meupe, na chini yake mistari ya lumba-lumba, dawa ya kikohozi, nayo imechanua yote. Harufu ilikuwa nzuri. Lakini palikuwa kimya kabisa. Hapakuwa hata na mdudu mmoja juu ya ua.

Katikati ya mistari, Feruzi akaona sanduku. Lilikuwa dogo, la mbao mpya, na kifuniko kimewekwa kando.

Baiskeli ilimponyoka mikononi.

"Hapana, mama. Hapana! Umesema iko hai!"

"Rudi nyuma, papa."

"Kumbe sanduku ulishalitengeneza? Tangu asubuhi ulijua?"

"Nimekuambia rudi nyuma, mbali!"

Lakini vidole vyake vilivyovimba havikuweza kufungua chandarua. Alijaribu kwa meno, akashindwa, akapiga magoti mbele ya sanduku. Feruzi hakurudi nyuma. Hangeweza kusimama na kutazama mara ya pili. Alikuja akapiga magoti kando yake, machozi yakimchuruzika. Akatoa andazi mfukoni ili mtoto alale nalo, kisha kwa mkono wa pili akalegeza fundo.

Nyuki walimiminika kutoka kwenye chandarua ndani ya sanduku, mzinga wao mpya, kama uji mzito, weusi, wakianza kuvuma upya, na wa kwanza wao walikuwa wameshafika kwenye maua. Feruzi alibaki magotini, bado ameshika andazi la mtoto.