Chumba cha Mayai

Nyumba yenye mayai ya kasa ilikatazwa kulaza mtu kwenye chumba cha baridi. Ufuo ulikuwa umeshakuwa wa moto mno, kwa hiyo kila nyumba ya Micheweni ilipewa mashine moja ya baridi na sanduku moja la mchanga la kufukia mayai. Mchanga ukipata joto, huanguliwa majike watupu, na bahari ilikuwa imebakiwa na madume wa kuhesabika.

Mtoto wa Mwanakombo alikuwa na harara mgongo mzima, analia mpaka sauti inakauka. Siku ya tatu uvumilivu ulimshinda mama. Mumewe alipotoka tu, aliingia chumba kile, akaigeuza mashine ikalipa sanduku kisogo, akamlaza mwanawe mbele yake.

"Kidogo tu, baba," alimwambia.

Kidogo hicho kikawa kila mchana, mwezi mzima.

Mayai yalipoanguliwa alikuja mkaguzi, Bi Asya. Mwanakombo hakutulia, alifagia palipokwisha fagiwa, akainjika chai akaisahau. Bi Asya alipitisha kipimo juu ya vitoto vya kasa, kimoja kimoja.

"Majike," alisema. "Wote."

"Mashine ilikuwa ikizimika, Bi Asya."

Bi Asya hakuandika kitu. Alimpakata mtoto, akampapasa mgongo, laini kabisa.

"Hata kwa jirani yako ilizimika, mwanangu. Tangu asubuhi nimepita mtaa mzima. Sijapata dume hata mmoja, wala sijaona mtoto mwenye harara."