Ncha ya Kiatu cha Kulia

Fundi viatu alikigeuza kiatu chake cha kulia, akakitazama, akakigeuza tena. Ncha ilikuwa nzima.

Haikuwezekana. Jumamosi nne mfululizo alikuwa ameikuta ncha hiyo imelika hadi kitambaa cha ndani kinachungulia. Kila Jumamosi aliwahi kibandani kabla ya mkewe, akafunga mlango, akabandika kipande kipya cha mpira wa tairi na kukishona haraka haraka, kama mwizi anayefuta nyayo zake. Ile ya nne alikipakata kiatu akalia kwanza, ndipo akashona.

Mambo yalianzia mgongoni. Miaka thelathini ya kuinama juu ya soli za watu haikupita bure: maumivu yalishuka kutoka kiunoni hadi shavu la mguu, na asubuhi moja wayo ukagoma kuinuka. Aliviamuru vidole, vidole vikamnyamazia. Tangu hapo akawa anainua goti juu kama mtu anayevuka dimbwi, na akijisahau tu, ncha inaburuta sakafuni.

Maumivu angeyavumilia. Aibu ndiyo iliyomla. Yeye ndiye aliyempachika tarishi wa mtaa jina la Buruta kwa sababu ya mguu kama huo huo, na jina likamganda tarishi wa watu mpaka leo. Yeye ndiye aliyejigamba kwa kila mteja kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa maneno, lakini soli yake haiwezi. Sasa amwambie nani? Kwa mkewe alisingizia ganzi ya kukaa sana.

"Ganzi gani haiishi, baba watoto?" mkewe aliuliza mara moja tu, bila kuinua macho kwenye zipu ya begi aliyokuwa akiishona. Walifanya kazi kibanda kimoja. Fundi ndiye aliyemfundisha mkewe ufundi, miaka ishirini iliyopita, hadi mishono yao ikawa haitofautishiki.

"Itaisha."

Hospitali alikwenda peke yake, kwa kisingizio cha kufuata gundi. Daktari wa upasuaji alimwonyesha picha: diski kati ya pingili mbili za chini ilikuwa imechomoza, ikaukandamiza mshipa wa fahamu unaoinua wayo. Wangeweza kumpasua kidogo tu na kukitoa kile kipande kinachokandamiza. Wangeweza kumpasua zaidi na kuziunga pingili kwa skrubu. Au waache kisu kabisa, afanye mazoezi, avae kishikizo cha wayo, wasubiri waone.

"Kwako wewe ningechagua ile ndogo, na mapema," daktari alisema. "Mshipa ukikandamizwa muda mrefu, hata tukiutua mzigo huenda usiamke tena. Na maumivu yakipungua usinishangilie, mzee. Tazama wayo. Wayo ndio utakaokwambia."

Akapangiwa Jumatatu, wiki tatu mbele, na akaambiwa aje na mtu wa nyumbani. Hapo ndipo alipoishiwa nguvu. Amwambie mkewe kwamba amemficha mwezi mzima, na kwamba sasa atataka kuinuliwa kitandani kama mtoto mchanga? Alirudi na kopo la gundi ambalo hakulihitaji. Mkewe alilipokea, akaliweka rafuni.

Jumamosi iliyofuata ndipo akaikuta ncha nzima. Akasema labda wiki hiyo hakutembea sana. Jumamosi ya pili, nzima. Maumivu nayo yalikuwa yamepoa. Alitafuta sindano yake nene ya soli, akaikuta upande wa mkewe, akaichukua huku akipiga mluzi. Mkewe aliingia na plasta kidoleni. "Haya mabegi," alisema kabla hajaulizwa.

Jumamosi ya tatu, nzima tena. Imechubuka kidogo tu, kama ya mtu yeyote. Fundi alivikaza vidole ndani ya soksi, akajiapiza kwamba kidole gumba kimecheza. Mguu bado ulikuwa mzito, lakini nani wa kubishana na soli? Akatoka nje, akapiga simu hospitali.

"Umepimwa tena na daktari?" nesi aliuliza.

"Nimejipima mwenyewe, dada. Mimi ni fundi."

"Nafasi yako nikimpa mwingine, mzee, wewe unarudi mwisho wa foleni. Ni miezi mitano."

"Mpe. Mwenye shida aipate."

Sasa aliweza kusema, maana yalikuwa yamekwisha pita. Alimweleza mkewe yote: wayo, picha, Jumatatu, hata Buruta, ambaye angemfuata leo hii kumwomba radhi. Alicheka huku machozi yakimlenga.

"Niliona aibu, mama watoto. Wewe ndiye niliyekuonea aibu kuliko watu wote. Lakini nimepona. Tazama mwenyewe!" Akamwekea kiatu mapajani.

Mkewe hakukitazama.

"Hiyo nafasi," aliuliza polepole, "umeshaitoa?"

"Sasa hivi."

Mkewe aliinuka, akashusha kopo la vifungo kutoka rafuni, akalimimina mezani. Katikati ya vifungo kulikuwa na vipande vitatu vya mpira wa tairi, vimelika hadi kutoboka, vyote vya ncha ya kulia.

"Jumamosi ile nilichungulia nikakuona umekipakata kiatu, unalia," alisema. "Ndipo nikawa nakushonea kila Ijumaa ukishalala, usije ukalia tena."