Ahadi ya Upinde

Lisette alichora upinde wa mvua ubaoni, watoto wa kanisa wakimtazama. "Mungu aliahidi hataleta gharika tena," akawaambia. "Akisema jambo, anatimiza."

Msichana mmoja akasimama. Wazazi wake walihamia hapa mtaa wa Kinama baada ya mto Rusizi kufurika na kuifunika nyumba yao kule Gatumba.

"Mama mwalimu, kwetu maji ilirudi. Ilibeba mudogo wangu."

Watoto wote wakamgeukia Lisette. Aliitua chaki, somo alilolifundisha miaka yote likiwa bado ubaoni.

"Nilikuwa nimemushika mukono," msichana akaendelea, kama anayejitetea. "Aliteleza."

Lisette akapiga magoti mbele yake, akamkumbatia. Nyuma yao mtoto mwingine akauliza taratibu, "Mama mwalimu, tuombe?"

Lisette akaushika mkono wa msichana kwa nguvu, macho akiyaacha wazi.