Tuta la Tatu

Mama Sala alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la tatu, ndoo yake kando, midomo ikichezacheza. Jua lilikuwa bado halijatoka. Kazi ya kuhesabu viwavi ilianza saa mbili, lakini yeye alifika mapema kila siku kusali, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Jaribio lilikuwa la chama cha wakulima wa pilipili hoho. Matuta matatu yalipuliziwa dawa tatu tofauti, la nne maji matupu. Dawa itakayoshinda, mwenye nayo angeipulizia kwanza shambani kwake, wanachama walitazame wiki mbili, ndipo wanunue.

Tuta la tatu lilikuwa la Daktari, muuza dawa aliyejipa cheo hicho mwenyewe. Watu walinong'ona kwamba hoho zake huzipulizia dawa ya duka jingine. Msimu uliopita alimuuzia rafiki yake, mume wa Mama Sala, hii ya kwake. Viwavi wakala shamba zima. Mume akaanguka palepale shambani, na tangu siku hiyo yuko kitandani, ulimi mzito, mkono mmoja umekufa.

Chama kilimpa Mama Sala kazi ya kuhesabu kwa kuwa hajawahi kusema uongo. Daktari alipinga. Aliposhindwa, akaja kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Shemeji, najua una kinyongo na mimi. Usije ukanimaliza kwa kalamu."

"Nitaandika nitakachokiona, shemeji. Mungu ni shahidi yangu."

Kila asubuhi alirudi nyumbani na ndoo imefunikwa kitambaa, majani ya hoho yakichungulia pembeni. Majirani walidhani ni chakula cha sungura. Aliiweka karibu na kitanda cha mumewe, na mzee, ambaye hakuwa amecheka tangu aanguke, akaanza kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Siku ya kumi mtaalamu wa kilimo alisoma matokeo. Tuta la maji, viwavi mia mbili na sita. Tuta la tatu, hakuna hata mmoja. Alikuwa amehakiki mwenyewe, jani kwa jani. Watu wakageuka kumtazama Mama Sala, wakishangaa ana moyo wa namna gani.

Daktari alimshika mkono mbele ya wote, machozi yakimlenga. "Kumbe ulishanisamehe, shemeji."

Mama Sala aliinamisha kichwa.

Kesho yake Daktari alipulizia shamba lake dawa yake mwenyewe, akipigiwa makofi. Alasiri, watu walipotawanyika, Mama Sala alipiga magoti kando ya uzio wa shamba hilo, midomo ikichezacheza, akafunua ndoo. Viwavi wa tuta la tatu walikuwamo wote, wanene, wazima, aliowaokota kwa vidole mmoja mmoja katika kila sala.