Dawa ya Mwalimu Korongo

Paliondokea Kuku mmoja, Mama Kishungi, ambaye kila msiba aliutibu kwa chakula. Mwanawe, Kinyoya, alikaa kimya darasani muhula mzima, hata Mwalimu Korongo, bingwa wa kubana maneno, akamwita mama.

"Atarudia darasa," alisema Korongo. "Ila dawa ipo. Nyumbani, funza."

Mama Kishungi alirudi akijiuliza: mdudu yule na elimu, wapi na wapi? Lakini mwalimu ni mwalimu. Jioni ile akamchukua mwanawe, wakaenda jaani kufukua funza.

"Mama, mbona wamejaa kwenye samadi, na mchangani hawapo?"

"Sijui, mwanangu. Tufukue tuone."

Siku kadhaa baadaye akauliza, "Na huyu wa juzi, mbona leo ana mbawa?"

"Hata mimi nashangaa. Sijapata kumtazama funza kabla ya kummeza."

Wakawa hivyo jioni baada ya jioni, wakichakura, wakihesabu, wakibishana.

Muhula uliofuata, Kinyoya alimmiminia Korongo maswali hata majibu yakamwishia mwalimu. Mama akaitwa tena.

"Umefunza vyema," alisema Korongo.

"Kila jioni, Mwalimu, tena walionona. Kumbe mtoto alipungukiwa na funza tu."

Korongo alifumbua mdomo ili amsahihishe. Akamtazama Kinyoya, ambaye alikuwa ameinamia jiwe akichungulia kilicho chini yake, naye akaufumba.

"Zidisha," alisema.